Sifa ya Kuhuisha Mbegu Kuukuu

Mkulima wa Kibiti na wa delta ya Rufiji amekaa katika nchi ambayo mto huipa rutuba, na mto huohuo huweza kuipokonya. Kwani maji yanapotulia na kuacha tope jeusi ndipo kilimo cha mlau huanza, na yanapopita kiasi, kama yalivyopita mwezi wa Aprili mwaka 2024, huchukua mashamba pamoja na akiba ya mbegu iliyowekwa. Hapo ndipo mtu hukikumbuka kibuyu cha darini, chenye bamia, mchicha au ngogwe za miaka iliyopita, na ustadi wa kuzirudishia nguvu mbegu hizo, ambao nauhesabu miongoni mwa sanaa tukufu za ukulima, hupata kudhihirisha thamani yake.

Adui wa mbegu katika pwani yetu ni unyevu uliofungamana na joto. James Harrington, mtaalamu wa Marekani, alitoa kanuni kwamba unyevu wa mbegu ukipungua kwa asilimia 1, umri wake ghalani huongezeka takriban maradufu, na vivyo hivyo joto likipungua kwa nyuzi 5. Wazee wa pwani, ambao hawakuwa na kipimo chochote, waliijua hekima hiyo kwa vitendo, wakazikausha mbegu, wakazichanganya na majivu na kuzitundika juu ya meko. Hata hivyo miaka haizuiliki: mafuta yaliyomo ndani ya mbegu huharibika, na utando mwembamba unaozunguka chembe hai zake hudhoofu.

Kwa sababu hiyo, anayetumbukiza mbegu kuukuu na kavu katika bakuli la maji huziua kwa wema wake, maana maji huingia kwa kishindo kabla utando haujajirekebisha, chakula cha kiinitete kikavuja nje, na ukungu ukapata karamu. Aliyeshinda na njaa siku nyingi haanziwi kwa sinia la pilau, bali kwa uji mwepesi. Basi mbegu nazo hulazwa kwanza usiku mmoja ndani ya kitambaa cha bafta kilicholoweshwa na kukamuliwa, mahali penye kivuli, zinywe unyevu kidogo kidogo, na ndipo zitiwe majini kwa saa chache, zitolewe kabla mzizi haujachomoza, zipunguzwe maji kivulini na kusiwa bila kuchelewa. Katika muda huo wa kimya kiinitete hukarabati yaliyoharibika ndani yake, kazi ambayo hakuna mkono wa mtu uwezao kuifanya. Theophrastus wa Uyunani aliandika habari za kuloweka mbegu za matango zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, hivyo elimu hii si ya jana.

Bamia, kwa ugumu wa ganda lake, hufaa kusuguliwa kidogo kwa mchanga kwanza. Mbegu za matango na nyanya huvumilia miaka. Mbegu ya kitunguu hufa upesi, na iliyokwisha kufa haihuishwi kwa ustadi wowote.

Nawasihi basi ndugu zangu wa Muhoro, Bungu na Nyamisati: matunda ya kwanza ya miche itakayoota kutokana na mbegu hizo yasiingie chunguni, bali yaachwe yakomae kabisa shinani, kwa kuwa mbegu ya msimu mmoja iliyokaushwa vema hushinda mbegu yoyote iliyohuishwa.