Mpira wa Begani: Jinsi Świątek Alivyoitawala Doha

Katika tenisi, wengi huamini kuwa uwanja mgumu ni mali ya wapigaji wa mpira ulionyooka, unaopita karibu na wavu na kumfika mpinzani kabla hajajipanga. Iga Świątek wa Poland alikwenda Doha, Qatar, mwaka 2022 akijulikana zaidi kwa ubingwa wa Roland Garros wa 2020, yaani kwa uwanja wa udongo. Hata hivyo alitwaa taji la Qatar mwaka huo, kisha 2023 na 2024. Kabla yake, mwanamke wa mwisho kushinda shindano moja la WTA, chama cha tenisi ya wanawake, miaka mitatu mfululizo alikuwa Serena Williams, kule Miami, kati ya 2013 na 2015. Kwa maoni yangu, Świątek hakubadilika ili auweze uwanja mgumu. Alikuja na mpira wake wa udongo, akawalazimisha wenzake waucheze.

Tazama pigo lake la mkono wa kulia. Kiganja hukamata mpini kwa chini sana, na raketi hupanda kwa kasi ikiusugua mpira mgongoni. Mpira huvuka wavu ukiwa juu, huzama ghafla ndani ya mstari, kisha hudunda na kuruka hadi begani. Mpigaji wa mpira ulionyooka hupenda kuupiga ukiwa kiunoni. Ukimfika begani, hana budi kurudi nyuma, na kila hatua anayorudi humfungulia Świątek pembe za uwanja. Hivyo ndivyo Anett Kontaveit alivyoambulia gemu mbili tu katika fainali ya 2022, 6-2, 6-0. Mwaka uliofuata Jessica Pegula alipata tatu.

Mtu anaweza kudai kwamba njia ilisafishwa mapema: Belinda Bencic alijitoa kwenye robo fainali ya 2023, na Karolína Plíšková kwenye nusu fainali ya 2024. Ni kweli, na mapumziko yana faida yake. Ila mapumziko hayamwokoi aliyekwisha kuachwa nyuma uwanjani. Katika fainali ya 2024, Elena Rybakina, mmoja wa waanzishaji mpira hatari kuliko wote, aliongoza seti ya kwanza 4-1. Świątek aliendelea kuirudisha mipira yake ya kuanzia na kurefusha mabadilishano ya mipira, akaichukua seti kwa 10-8 katika gemu ya kuvunja sare. Seti ya pili ikaisha 6-2.

Hoja nzito zaidi dhidi ya maoni yangu ni ya Februari 2025. Baada ya kushinda mechi 15 mfululizo Doha, Świątek alifungwa na Jeļena Ostapenko 6-3, 6-1 katika nusu fainali. Je, mbinu yake ilikuwa imekwisha makali? Naona kipigo hicho kinathibitisha chanzo cha mataji yake. Ostapenko hausubiri mpira ufike begani. Husimama karibu na mstari na kuupiga ungali unapanda. Asiyerudi nyuma haachi pembe wazi, na mzunguko wa mpira hukosa kazi. Basi anayetaka kumshinda Świątek asiangalie sana kasi ya mkono wake mwenyewe. Aangalie miguu yake inasimama wapi mpira unapodunda.