Ushauri, Usuluhishi na Tiba: Uhakiki wa Istilahi Tatu

Miongoni mwa maswali ambayo wafasiri hukutana nayo katika nyaraka za afya na ustawi wa jamii, lipo moja lililojibiwa kwa wepesi mno: mtu anayemtibu kwa mazungumzo mwanamke aliyetendewa ukatili na mumewe aitwe nani kwa Kiswahili? Nyaraka nyingi humwita "mshauri nasaha", na kazi yake "ushauri nasaha". Shuleni husemwa "ushauri na unasihi". Sisi twaona kwamba majina hayo yana kasoro, na kwamba kasoro yenyewe si ya lugha peke yake. Istilahi ikipotoka katika jambo hili, mtu aliyejeruhiwa hupelekwa kwenye mlango usio wake.

Na tulitazame jambo hili kutoka Arusha. Chukua mfano wa mwanamke anayeishi kwenye miteremko ya Mlima Meru, kwa Wameru upande wa Poli na Nkoaranga, au kwa Waarusha upande wa Ngaramtoni. Mwanamke huyo akipigwa na mumewe, hakosi washauri. Wapo wazee wa ukoo. Wapo washili kwa Wameru na malaigwanani kwa Waarusha. Wapo wakwe na wasimamizi wa ndoa. Yupo mchungaji, padri au shehe. Kila mmoja ana nasaha yake, na mara nyingi nasaha hizo hukutana mahali pamoja: vumilia, mwanangu, ulee watoto. Sasa mwanamke huyo akiteremka mjini, akaambiwa katika ofisi ya serikali kwamba apelekwe kwa mshauri, atashindwaje kudhani kwamba anakwenda kuambiwa yale yale aliyoyakimbia? Wala hatakuwa na kosa katika kudhani hivyo, kwa kuwa ndivyo neno linavyosema.

"Kushauri" ni kumwonyesha mtu la kufanya. "Nasaha" nayo ni maneno mema ya kumwelekeza mtu. Kwa hiyo "ushauri nasaha" ni kusema jambo moja mara mbili, na "mnasihi" hatuondoi hapo tulipo. Istilahi hii ilienea sana nchini katika vita dhidi ya UKIMWI, ambapo mtu alipewa ushauri kabla na baada ya kupimwa. Huko ilifaa, kwa sababu aliyekuja kupima alihitaji maelezo na maelekezo. Kosa lilitokea pale neno lilipohamishwa na kuvikwa kazi nyingine bila kuulizwa kama linaitosha.

Kazi hiyo nyingine ni ipi? Mtabibu wa namna hii hamwambii mgonjwa arudi kwa mume wala aachane naye. Kwanza huuliza kama yu salama, na kama pana silaha nyumbani au vitisho vya kuua. Humsikiliza bila kumhukumu, naye hutunza siri. Humsaidia kuelewa kwa nini halali usiku, kwa nini hushtuka akisikia lango likigongwa, kwa nini hujilaumu kwa kosa lililotendwa na mwingine. Hatua kwa hatua humwezesha kuyakumbuka yaliyompata pasipo kuzidiwa nayo, na uamuzi wa maisha yake humwachia mwenyewe. Hii ni tiba. Ina mafunzo yake, ina taratibu zake, na ina miiko yake.

Istilahi ya tatu inayochanganywa na hizo ni "usuluhishi". Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaagiza kwamba, isipokuwa katika hali maalumu zilizotajwa, shauri la talaka lisipelekwe mahakamani kabla ya kupitia bodi ya usuluhishi wa ndoa. Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 66, inatamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko au kipigo, hata kama mila inasema vingine. Kusuluhisha ni kuwakalisha wawili waliokosana ili wapatane. Lakini aliyepigwa na aliyempiga hawakukosana tu: mmoja ametenda, mwingine ametendwa. Kuwakalisha pamoja mbele ya meza moja, hali hatari haijaondoka, ni kumtaka aliyejeruhiwa aseme mbele ya yule atakayerudi naye nyumbani jioni. Mtumishi anayeandika "apatiwe ushauri", naye akiwa na usuluhishi moyoni, ameandika jambo zito kuliko anavyodhani.

Mkanganyiko huu una ndugu zake. Taarifa nyingi husema "ugomvi wa kifamilia", na ugomvi ni wa watu wawili. "Ukatili" una mtendaji. Methali yetu mashuhuri hutuasa kwamba ndugu wakigombana, tushike jembe tukalime. Wakipatana, tuchukue kapu tukavune. Ni hekima njema kwa ugomvi. Kwa ukatili, jirani aliyekwenda kulima huenda akarudi kwenye matanga. Vivyo hivyo "mhanga" hatulipendi: katika "kujitoa mhanga" neno hili lamhusu anayetoa nafsi yake kwa hiari, na hakuna aliyejitoa kupigwa. "Manusura" ni bora, kwa kuwa lakumbusha kwamba mtu yu hai na ana kesho.

Isidhaniwe kwamba Kiswahili kimeshindwa. Jina "Kituo cha Mkono kwa Mkono", linalotumika Bara na Zanzibar kwa mahali ambapo manusura hupata huduma ya daktari, ya polisi na ya ustawi wa jamii pamoja, ni mfano wa istilahi iliyozaliwa vema. Halikufasiriwa neno kwa neno. Limeeleza tendo lenyewe, na mkulima wa migomba hulielewa mara moja.

Twaweza pia kujifunza kwa wenzetu wa Zimbabwe. Daktari Dixon Chibanda alianzisha huko, mwaka 2006, huduma ambayo kina bibi waliofunzwa huketi kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wenye dhiki. Lilipoitwa benchi la afya ya akili, watu waliliogopa. Lilipoitwa benchi la urafiki, wakaja. Tena maradhi yenyewe yaliitwa kwa neno la Kishona, "kufungisisa", yaani kuwaza kupita kiasi. Matokeo mema ya huduma hiyo yalichapishwa mwaka 2016. Hatusemi kwamba jina ndilo lililotibu. Twasema kwamba jina lilifungua mlango ambao tiba ilikuwa nyuma yake. Kwetu pia "daktari wa akili" humkumbusha msikiaji hospitali ya Mirembe kule Dodoma, na wengi hurudi njiani kwa kuogopa kuitwa wendawazimu.

Basi twapendekeza hivi. "Ushauri" lihifadhiwe kwa kazi ya kutoa maelekezo. "Usuluhishi" libaki kwa kupatanisha, na lisiandikwe kamwe mahali pa tiba. Kazi tuliyoieleza iitwe "tiba ya mazungumzo", na anayeifanya "mtabibu wa mazungumzo". Cheo cha "mwanasaikolojia tiba" kiendelee kutumika kwa mwenye shahada hiyo. "Kiwewe" na "sonona", ambayo tayari yanatumika, yashikwe na kuelezwa kwa lugha nyepesi.

Watakuwapo watakaosema kwamba watabibu wenyewe ni wachache, na kwamba kibao kipya mlangoni hakiongezi hata mmoja. Ni kweli. Lakini hao wachache walioko hawatafikiwa ikiwa jina lao ni lile lile la watu waliomwambia mwanamke avumilie. Walimu, wafasiri na watumishi wa umma ndio wanaojaza fomu na kuandika matangazo. Kabla hujaandika "apatiwe ushauri", ndugu msomaji, jiulize: je, ataelekezwa, atapatanishwa, au atatibiwa? Kisha andika hilo.