Mzunguko wa Tatu wa Filbert Bayi

Mintarafu ya mbio za mita 1500 zilizokimbiwa Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, watu wengi husimulia jinsi Filbert Bayi, kijana wa Karatu aliyekuwa na umri wa miaka 20, alivyochomoka tangu mlio wa bastola na asishikike tena. Wachache mno huutaja mzunguko wa tatu, nao kwa rai yangu ndio uliobeba siri yote.

Desturi ya wakimbiaji wa masafa hayo, wakati ule na aghalabu hata leo, ilikuwa kwenda kwa kundi, kila mmoja akimwachia mwenziwe taabu ya kuukata upepo, hata zibakie mita mia mbili au tatu, ndipo mwenye miguu myepesi afyatuke. Bayi aliipindua desturi hiyo. Mita 400 za kwanza alizimaliza kwa sekunde 54 na ushei, na 800 kwa takriban dakika 1 na sekunde 52, ilhali wenziwe wako nyuma yake kwa kiasi cha mita 20.

Hapo ndipo penye mtihani. Aliyetangulia kiasi hicho hana mgongo wa mtu wa kuuandama, wala hajui walio nyuma wamesogea kadiri gani ila kwa kugeuka au kwa kelele za watazamaji. Na viungo vyake, vilivyokwisha kulipa gharama ya haraka ile, vyamnong'oneza kwamba kazi imekwisha. Bayi alikwisha kuionja shubiri hiyo. Mwaka uliotangulia, katika mbio za maili mjini Stockholm, alitangulia vivyo hivyo, na Ben Jipcho wa Kenya akamfikia, akamshinda kwa dakika 3 na sekunde 52.0 dhidi ya 52.6.

Christchurch, mzunguko wa tatu ulimchukua sekunde 58 na zaidi, na asiyeshika saa angalidhani kijana yule ameanza kufa pumzi. Hesabu yasema vingine. Wastani wa mbio zake zote ulikuwa sekunde 56 na nusu hivi kwa kila mita 400, na mita 300 za mwisho alizikimbia kwa muda usiozidi sekunde 42, yaani kwa kasi ya mzunguko wa sekunde 56: mbio kuliko mzunguko wa tatu, na kuliko hata wa pili. Alipunguza mwendo pasina kuilegeza azma, akavuta pumzi kwa kipimo, kisha akaanza upya kana kwamba ile akiba ya mita 20 haikupata kuwako.

Na kwa hakika ilikuwa imekwisha kuliwa. John Walker wa New Zealand, akishangiliwa na watu wa kwao, alimkaribia katika unyoofu wa mwisho, akamaliza kwa 3:32.52, muda uliovunja rekodi ya dunia ya Jim Ryun ya 3:33.1 iliyodumu tangu 1967. Na hata hivyo akawa wa pili, kwani Bayi alikwisha kukata utepe kwa 3:32.16. Lau angaliridhika na mafanikio ya mizunguko miwili kwa muda wa hatua tatu tu, rekodi ingalikuwa ya Walker.

Ni haki kuitaja Moscow pia. Katika Michezo ya Olimpiki ya huko mwaka 1980, kwenye mita 3000 za kuruka viunzi na maji, Bayi alitangulia tena kwa masafa makubwa, na katika mzunguko wa mwisho Bronisław Malinowski wa Poland akampita. Wako waliosema alizembea. Mimi siafiki: alimaliza kwa 8:12.48, nyuma ya mshindi kwa sekunde zisizotimia tatu, na muda huo ndio bora kabisa aliopata kuukimbia maishani mwake katika mbio hizo.