Nyuma ya Jukwaa la Taarab: Mtunzi, Mwimbaji na Mtunzaji katika Harusi za Likoni

Wahakiki wa ushairi wa Kiswahili wamezoea kuupokea wimbo wa taarab ukiwa umekwisha kulazwa kitabuni. Beti zimepangwa, mishororo imehesabiwa, vina vimeonyeshwa kwa herufi nzito, na juu ya ukurasa pameandikwa jina la mwimbaji kana kwamba yeye ndiye aliyeyatoa maneno hayo moyoni mwake. Hapo mhakiki huanza kazi: fani upande mmoja, maudhui upande wa pili. Kazi hiyo si haba, lakini ina kasoro moja kubwa. Inauchukulia wimbo kama shairi lililopotea njia likaingia katika muziki, ilhali wimbo huo ulizaliwa kwa ajili ya jukwaa, na mengi yanayouamua hutendeka nyuma ya jukwaa hilo.

Katika majumba ya michezo ya kuimba ya London au New York, mtazamaji huweza kupata kijitabu cha onyesho. Humo hulikuta jina la aliyeandika maneno, aliyetunga muziki, aliyeshona mavazi, hata aliyesimamia taa. Pazia linaficha watu, lakini karatasi inawataja. Harusini Likoni mambo ni kinyume. Hapana pazia. Wapigaji wanafungua mikoba ya vyombo vyao mbele ya watoto, fidla inakazwa nyuzi huku sahani za pilau zikipita, na mwimbaji anapekua daftari lake hadharani. Kila kitu kinaonekana isipokuwa mtunzi. Yeye hatajwi, na aghalabu hayupo.

Yafaa kueleza kwa ufupi hali ya mahali penyewe. Likoni iko ng'ambo ya kusini ya kisiwa cha Mombasa, na kwa kawaida kundi linaloalikwa kutoka kisiwani huvuka kwa feri, vyombo na vipaza sauti vikiwa vimepakiwa garini. Wageni wengine hutoka Mtongwe, wengine Ukunda na Diani. Kwa hiyo hadhira ya Likoni si ile ya Mji wa Kale peke yake: Waswahili wa kisiwani, Wadigo na watu wa bara waliohamia huketi mkeka mmoja. Mwimbaji mwenye akili hulijua jambo hili kabla hajashuka kwenye feri, naye hupanga nyimbo zake kwa kulizingatia. Nyimbo nzito za lafudhi ya kaskazini, zilizojaa maneno ya Kiamu, huwekwa mapema au huachwa kabisa; zile zenye mdundo wa chakacha huhifadhiwa kwa saa ambazo bibi harusi amekwisha kutolewa nje na wanawake wanataka kucheza. Zuhura Swaleh, aliyevuma pamoja na kundi la Maulidi Juma, aliufanya mdundo huo, ukifuatana na mlio wa taishokoto, kuwa fahari ya harusi za Mombasa. Mpangilio huo wa usiku ni sehemu ya utunzi, ingawa hakuna kitabu cha ushairi kinachoutaja.

Turudi kwa mtunzi. Taarab ya Mombasa ya nusu ya pili ya karne ya 20 ilisimama juu ya ushirikiano wa malenga na mwimbaji. Ahmed Sheikh Nabhany, mtaalamu wa lugha na mila kutoka Lamu, alimwandikia Zein l'Abdin, fundi wa udi aliyetoka Lamu vilevile. Ahmad Nassir alimwandikia jamaa yake, Mohamed Khamis Juma Bhalo. Mfano huu wa pili unafundisha zaidi. Diwani ya Ahmad Nassir, *Malenga wa Mvita*, iliyohaririwa na Shihabuddin Chiraghdin na kuchapishwa mwaka 1971, inaitwa katika anwani yake ndogo diwani ya Ustadh Bhalo. Msomaji asiye mwenyeji wa Mombasa anaposikia jina la Bhalo katika kanda na kulisoma katika diwani, huenda akadhani ni mtu mmoja. Si mmoja. Mmoja aliandika, mwingine aliimba, na makosa ya kuwachanganya yanaonyesha jinsi uhakiki wetu ulivyokuwa mwepesi kuridhika na jina lililo juu ya jalada.

Yasemwe pia kwamba si kila mtunzi aliyefichika ameonewa. Wimbo wa taarab mara nyingi huanza kwa mtu mwenye jambo lake kumwendea malenga: ameachwa, amesalitiwa, amesengenywa na jirani. Malenga husikiliza, huliondoa jambo hilo majina yake, hulivika fumbo, kisha humkabidhi mwimbaji. Hapo kuna siri tatu katika kamba moja. Malenga akitajwa, mtaa utauliza nani alimwendea. Aliyemwendea akijulikana, aliyepigwa kijembe atajulikana. Na ugomvi uliokusudiwa kusemwa kwa fumbo utakuwa ugomvi wa mlangoni. Kufichika kwa mtunzi ni sharti la fani yenyewe. Hata hivyo sharti hilo limewanufaisha pia wasiostahili, maana jina lililofichwa kwa heshima ni rahisi kuibwa kwa biashara. Kanda ziliuzwa kwa jina na picha ya mwimbaji, na tungo za watu zikapita mkono hata mkono bila mtu kuulizwa.

Hatua inayofuata ni ya sauti, na hapa ndipo wahesabuji wa mizani wanapojikwaa. Mwimbaji anapolipokea shairi hulitafutia lahani. Juma Bhalo na Maulidi Juma walipendwa sana kwa nyimbo zilizofuata lahani za sinema za Kihindi, ambazo wakazi wa Mombasa walizisikia katika majumba ya sinema ya mji huo. Lahani ya Kihindi haikutungwa kwa ajili ya mshororo wa mizani kumi na sita uliogawanyika nane kwa nane. Kipande cha muziki kinaweza kuwa kirefu kuliko kipande cha shairi, au kikakatika kabla ya kina. Mwimbaji hufanya nini? Huivuta irabu, hurudia neno, huingiza kiitikio cha mshangao, au humrudia malenga amwongezee mizani. Mwanafunzi anayenakili wimbo huo kutoka kwenye kanda huandika alichosikia, kisha mwalimu wake huamua kuwa mtunzi hakuyajua mapigo ya shairi. Hukumu hiyo si ya haki. Mtunzi aliandika nane kwa nane. Alichosikia mwanafunzi ni nane iliyovishwa kanzu ya kumi.

Lakini anayeubadilisha wimbo kuliko wote ni mtunzaji. (Lugha yenyewe imewaweka karibu: mtunzi atokana na kutunga, mtunzaji na kutunza, na sikio la haraka huweza kuwadhania ndugu.) Katika ukumbi wa wanawake, mgeni huinuka na noti mkononi, hucheza taratibu hadi kwa mwimbaji, na humpa. Hainuki wakati wowote. Huungoja mshororo wake. Mshororo ukifika, naye akiwa njiani, mwimbaji huurudia; wakiinuka watatu, huurudia mara tatu; na kama mmoja wao ametunza huku amemgeukia mwanamke aliyeketi safu ya mbele, ukumbi mzima huelewa. Sasa, kanda nyingi za Mombasa zilinaswa katika harusi zenyewe. Marudio yanayosikika humo, ambayo wahakiki huyaita takriri na kuyatafutia maana ya kifalsafa, mengine ni nyayo za watu waliokuwa wakienda kutunza.

Chukuliwe mfano wa kubuni. Wimbo unasema juu ya kisima kilichokuwa na maji matamu na sasa kimeingia chumvi. Darasani mhakiki husema kisima ni nchi na chumvi ni uongozi mbaya wa baada ya Uhuru. Ni tafsiri iliyozoeleka, na wakati mwingine ni sahihi. Nyuma ya jukwaa malenga anajua kuwa kisima ni mume wa mtu fulani. Likoni, usiku wa harusi, mwanamke asiyemjua malenga wala huyo mume anainuka kwenye mshororo wa chumvi na kutunza mbele ya wifi yake. Ipi ndiyo maana ya wimbo? Mhakiki anayeshikilia ya kwanza tu ameusoma wimbo bila kuusikia. Anayeshikilia ya pili ameugeuza kuwa barua ya siri. Ya tatu haikukusudiwa na mtu yeyote, nayo ndiyo iliyoufanya wimbo uombwe tena na tena. Mwenda Ntarangwi katika utafiti wake juu ya Mombasa, na Kelly Askew katika ule wa Tanga, wametuonyesha nguvu ya hadhira katika sanaa hii. Ajabu ni kwamba matokeo yao yamesomwa na wanaanthropolojia kuliko walimu wa ushairi.

Yapo malalamiko kuwa taarab ya kisasa, ile iliyovuma kutoka Dar es Salaam tangu miaka ya 1990 kwa mashindano ya TOT na Muungano, imeua fumbo kwa mipasho ya wazi. Malalamiko hayo yana ukweli, lakini sababu inayotolewa, yaani kuharibika kwa maadili, haitoshi. Kinachofaa kuangaliwa ni njia ambayo maneno yalipita kabla ya kufika kinywani. Zamani yalipita kwa mwenye jambo, kwa malenga, kwa mwimbaji na kwa wapigaji, na kila mkono uliyafunika kidogo. Kinanda cha umeme kikichukua nafasi ya wapigaji wanne, na mwimbaji akijiandikia mwenyewe, mikono imepungua na vifuniko navyo vimepungua.

Juma Bhalo alifariki mwaka 2014, Zein l'Abdin 2016, na Nabhany 2017. Kanda zao zimesikilizwa na kunakiliwa. Madaftari ya waimbaji wa rika lao, yenye masahihisho ya mizani pembeni na alama za mahali pa kurudia, ni ushahidi wa namna nyingine kabisa, na kila toleo la nyimbo linalotayarishwa bila kuyaomba kwa wenyewe litakuwa limechapisha jukwaa bila nyuma yake. Atakayeyaomba ajiandae pia kwa swali ambalo wenye madaftari watamwuliza kabla ya kuyafungua: kama jina la mtunzi limo humo, je, na la aliyemwendea?