Mtindo ni wa Nani? Hukumu za Wapenzi wa Bendi za Morogoro

Wahakiki wetu wamezoea kuutazama wimbo wa dansi kana kwamba ni shairi lililopotea njia. Huyachukua maneno yake, wakayapanga katika mishororo, wakahesabu vina vilivyopatikana na kusikitikia visivyopatikana, kisha wakatoa fundisho lililomo. Kazi hiyo ina faida yake, nami siidharau. Lakini waliokuwa wakiusikiliza wimbo huo ukumbini hawakugombana juu ya vina. Waligombana juu ya jambo jingine kabisa, nalo ni hili: je, bendi hii ingali ile ile tuliyoipenda, au imekwenda njia isiyo yake? Katika makala haya nakusudia kuyachukua magomvi hayo kuwa uhakiki, tena uhakiki wenye istilahi zake, na kuyapima kwa mfano wa mji mmoja ambao ulibahatika kuwa na bendi mbili kubwa kwa wakati mmoja.

Mji wenyewe ni Morogoro. Reli ilifika hapo mwaka 1907, na mashamba ya mkonge yakawavuta watu wa makabila mengi kuja kukaa chini ya milima ya Uluguru, wakichanganyika na Waluguru waliokuwa wakiteremka na mazao yao kwenda sokoni. Mji wa namna hiyo, wenye mshahara wa mwisho wa mwezi na wageni wa kila siku, ndio unaoweza kulisha bendi. Marehemu Salum Abdallah, aliyezaliwa hapo mwaka 1928, aliunda La Paloma mwaka 1948, nayo baadaye ikaitwa Cuban Marimba Band. Alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, na uongozi ukashikwa na Juma Kilaza. Upande wa pili ilikuwako Morogoro Jazz Band, ambamo Mbaraka Mwinshehe aliingia katikati ya miaka ya 1960 akapanda mpaka kuwa sauti na gitaa la kutambulikia bendi nzima. Mwaka 1970 bendi hiyo iliiwakilisha Tanzania katika maonyesho ya dunia huko Osaka, Japani. Mwaka 1973 Mbaraka alijitenga akaunda Super Volcano, na mwezi wa Januari 1979 naye aliuawa na ajali ya barabarani karibu na Mombasa.

Basi twaona kwamba ndani ya miaka kumi na minne mji huu ulipata misiba miwili na mfarakano mmoja, na kila mara wapenzi walilazimika kujiuliza walichokuwa wakikipenda ni nini hasa.

Yafaa tuanze na neno lenyewe, mtindo. Katika lugha ya kila siku mtindo ni namna ya kufanya kitu. Lakini katika lugha ya bendi neno hili lilipata maana ya pekee, likawa jina la mali. Western Jazz walikuwa na Saboso, Dar es Salaam Jazz walikuwa na Mundo, NUTA Jazz wakashika Msondo, na Mlimani Park, walioanza mwaka 1978, wakaja na Sikinde. Morogoro Jazz walijulikana kwa Likembe, na Super Volcano kwa Masika. Mtindo ulitangazwa kabla ya wimbo, ukatajwa ndani ya wimbo, na mchezaji akautambua kwa miguu kabla hajautambua kwa masikio. Na majina yenyewe yasitupite hivi hivi. Likembe ni ala ya Kongo ipigwayo kwa vidole gumba. Kuitumia kuwa jina la mapigo ya magitaa ni kusema kwamba gitaa limerithi kazi ya ala nyingine. Masika ni msimu wa mvua kubwa, na kwa mtu aliyekulia chini ya Uluguru hilo si jina la tarehe za kalenda. Ni maji yanayoteremka kwa kishindo na kuchukua yaliyo njiani. Bendi mpya inayozaliwa kwa mfarakano ikijiita volkano, kisha ikauita mtindo wake Masika, imekwisha kueleza nia yake kabla gitaa halijaguswa.

Kila mtindo, basi, ulikuwa kama sura mpya ya kitabu kirefu ambacho wasomaji wake walikwisha kukisoma mwanzo. Ahadi ilikuwa ya namna mbili, nazo zilipingana: kutakuwa na jambo jipya, na jambo hilo litakuwa letu. Bendi ikitimiza ya kwanza bila ya pili, watu walisema siyo ile. Ikitimiza ya pili bila ya kwanza, walisema wamechoka, wanarudia yale yale. Mtu wa mbali huona kigeugeu hapo. Kwa maoni yangu hapana kigeugeu. Ni kipimo kimoja chenye ncha mbili, na mwanamuziki aliyeweza kukaa katikati ya ncha hizo kwa miaka kadhaa, kama alivyoweza Mbaraka, alikuwa akifanya kazi ngumu kuliko ile ya kutunga wimbo mmoja mzuri.

Nimesema uhakiki huu una istilahi zake. Istilahi hizo hazikutungwa na kamati, nazo zastahili kutazamwa kwa makini na watu wa lugha. Wapenzi walisema wimbo umekolea, neno la mchuzi na chumvi. Maana yake si kwamba ni mtamu tu, bali kwamba viungo vimeingia ndani, havikuelea juu. Walisema wimbo unapwaya, neno la nguo iliyo kubwa kuliko mvaaji. Twalisikia likitumiwa pale ala zinapokuwa nyingi na mwimbaji ni mdogo ndani yake, au mwimbaji mpya anapopewa wimbo uliokatwa kwa kipimo cha mwingine. Walisema mwanamuziki amechuja, nalo ni neno la kitambaa kinachotoa rangi kwa kufuliwa. Hili la mwisho lanivutia kuliko yote. Kitambaa kinachochuja hakikuchanika. Kingali kizima, chaweza kuvaliwa, na mwenye kukinunua leo hataona kasoro. Anayeona kuchuja ni yule tu anayeikumbuka rangi ya kwanza. Kwa hiyo hukumu ya kuchuja haiwezi kutolewa na mgeni: ni hukumu ya mtu mwenye kumbukumbu, na ndani ya neno moja imekwisha kutaja ushahidi wake. Vijana wa siku hizi wameongeza kufulia, neno la dobi hilo hilo, lakini wamelipeleka kwenye ukosefu wa fedha, na kwa kufanya hivyo wamepoteza ile rangi. Siwalaumu; lugha haiombi ruhusa. Lakini ni hasara.

Tena kuna neno chemko. Nyimbo nyingi za dansi la Tanzania zina sehemu mbili: ya kwanza ni ya pole pole, yenye maneno na kisa, ya pili ni ya kasi, magitaa yakipokezana na maneno yakipungua. Sehemu hii ya pili ndiyo chemko. Neno hili nalo limetoka jikoni, na kama sufuria, huhitaji moto uliotangulia: chemko lisilotayarishwa na sehemu ya kwanza ni kelele. Hukumu nyingi za wapenzi kwamba bendi imebadilika zilikuwa, kwa kweli, hukumu juu ya uwiano wa sehemu hizi mbili. Yule aliyependa kisa aliona chemko limekula wimbo. Yule aliyekuja kucheza aliona kisa kimemchelewesha.

Sasa twaja kwenye swali la msingi. Mfululizo wa kazi za sanaa unaoendelea kwa miaka mingi, unakaa wapi? Katika jina, katika mtu, au katika mapigo? Mwaka 1965 Cuban Marimba ilibaki na jina na ikampoteza mtu. Mwaka 1973 Morogoro Jazz ilibaki na jina, na mtu akaenda zake akiwa hai, jambo ambalo kwa wapenzi wengi ni gumu zaidi kuliko kifo, kwa kuwa marehemu hashindani na bendi yake ya zamani siku ya Jumamosi. Waliomfuata Mbaraka walijibu kwamba mfululizo ni mtu. Waliobaki walijibu kwamba ni jina, na mji. Pande zote mbili zilijifanya kuzungumzia mapigo.

Swali hili halikufa na santuri. Vijana wanaocheza kandanda ya kwenye runinga katika vibanda vya mijini wanalo lile lile, ingawa wanaogombewa ni wenye viwanda wa Japani na Marekani. Mchezo wa kampuni ya Konami ulioanza Japani mwaka 1995, ukajulikana kwa jina la Pro Evolution Soccer tangu 2001, ulibadilishwa jina mwaka 2021 ukaitwa eFootball, na wachezaji wa nchi nyingi wakaulaani kwa ubovu wa toleo lile la kwanza. Mshindani wake, aliyeanza mwaka 1993 kwa jina la FIFA, alilipoteza jina hilo mwaka 2023 akaitwa EA Sports FC, bali mchezo wenyewe ukabaki karibu vile vile, na wengi wangali wanauita kwa jina la zamani. Hapa twapata jaribio ambalo Morogoro haikuweza kutupa: jina laondoka na mapigo yabaki, na watu hawaondoki. Lakini hapana mtu wa kumfuata katika michezo hiyo. Mchezaji hajui ni nani aliyeitunga, na kwa hiyo ugomvi wake una uchungu usio na anwani. Mpenzi wa Cuban Marimba aliyekasirika aliweza kumkuta Juma Kilaza njiani akamwambia.

Juu ya Kilaza lazima niseme kwamba wapenzi hawakumtendea haki. Alirithi bendi ya mtu aliyekufa ghafula akiwa katika kilele chake, akaiongoza kwa miaka mingi; na kila alipotunga, kazi yake iliwekwa karibu na kazi ya marehemu ili ionekane kimo chake. Akifuata, alisemwa kuwa kivuli. Akiacha, alisemwa kuwa mpotevu. Hapa kile kipimo chenye ncha mbili kinageuka kuwa mtego, na mhakiki anayekichukua kama kilivyo atashiriki katika dhuluma.

Wapenzi walikosea pia, nao walikosea sana, walipoutetea uasili. Lawama iliyosikika mara kwa mara katika miaka ya 1970 ni kwamba bendi zetu zinaacha asili na kuiga Kongo. Lakini asili ya Cuban Marimba ilikuwa ipi? Jina lake latosha kujibu. Salum Abdallah na wenzake waliipata rumba katika santuri za mfululizo wa G.V. ambazo kampuni ya HMV iliziuza Afrika tangu miaka ya 1930, na wanamuziki wa Kongo waliipata katika santuri zizo hizo. Aliyelilia asili ya Morogoro dhidi ya Kongo alikuwa akililia Havana moja dhidi ya Havana nyingine. Kilichokuwa cha Morogoro hakikuwa chanzo. Kilikuwa Kiswahili, na namna Kiswahili kilivyolipunguzia gitaa mwendo ili silabi zipate nafasi ya kukaa. Juu ya hilo wapenzi hawakusema neno, labda kwa sababu lilikuwa karibu mno na midomo yao.

Mtafiti atakayeyakusanya maneno haya kwa wazee wangali hai ajihadhari na jambo moja. Mashindano ya ngoma katika nchi yetu ni ya zamani. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya beni, ameonyesha jinsi Marini na Arinoti walivyoshindana kwa mavazi, vyeo na masimango kutoka pwani hadi bara. Ushindani wa bendi umerithi desturi hiyo, na pamoja nayo utani. Mzee akikwambia kwamba bendi ya upande wa pili haikupata kupiga wimbo hata mmoja, huo si uhakiki, ni utani, naye atashangaa ukiuandika. Lakini akikwambia kwamba bendi yake mwenyewe ilipwaya baada ya mwaka fulani, mwandike, kwa kuwa hapo amesema jambo lililomgharimu.

Aulizwe vilevile alikuwa akisikiliza wapi. Santuri ndogo za wakati ule zilichukua takriban dakika tatu kila upande, na wimbo mrefu ulikatwa: kisa kikakaa upande wa kwanza, na chemko likageuziwa upande wa pili. Waliokuwa ukumbini waliupata wimbo mzima, na mara nyingi mrefu kuliko ulivyowahi kurekodiwa. Wenye redio walipata ulivyopigwa katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, ambao huenda usiwe sawa na ule wa santuri iliyotengenezwa Nairobi. Na waliozaliwa baada ya 1979 wamemjua Mbaraka kwa santuri zilizokusanywa baada ya kifo chake, zikatolewa kwa mfululizo ulioitwa Ukumbusho. Yaani mtu ambaye maisha yake yote alikuwa akibadilika wamempokea akiwa amekwisha kutulia, Likembe na Masika zikiwa jirani kana kwamba hapakuwa na mwaka 1973 kati yao. Watu wanne wanaobishana juu ya wimbo mmoja wa Morogoro wanaweza kuwa wanabishana juu ya nyimbo nne. Kanda za Radio Tanzania, ambazo sasa ziko chini ya Shirika la Utangazaji Tanzania, ndizo za kuwekwa mbele yao kwanza, kabla ya kuwauliza ni nani aliyechuja.