Mwenye Pampu Mgongoni

Kundi la kazi lisipimwe linapoanza, watu wakiwa na nguvu na maneno mengi. Lipimwe linapomaliza. Timu za maziko za Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, wakati wa Ebola iliyotangazwa Agosti 1, 2018, zilikuwa na saa yao ya kupimwa: saa ya kuvua suti za kujikinga.

Mwili wa aliyekufa kwa Ebola umejaa virusi kupita kiasi. Waliomteremsha kaburini wamebaki wima, suti zimewaganda mwilini, miwani imeingia ukungu, jasho linachuruzika hadi ndani ya mabuti. Mtu aliyechoka hivyo hutamani kuyavua yote kwa mkupuo, na hapo ndipo ugonjwa unaweza kumpata. Ndiyo maana haachiwi kujiamulia. Anayeamua ni mwenye pampu, ile ile ya mgongoni ambayo wakulima wetu hupigia dawa kabichi na viazi, ila sasa ina maji ya klorini ya asilimia 0.5. Nyoosha mikono. Geuka. Inua mguu. Nawa. Sasa aproni, polepole. Nawa tena. Anayevua anaweza kuwa mkubwa wake kwa umri, hata daktari. Hapo hutii kama mtoto anayeogeshwa.

Wengi husifu ushujaa wa wale waliobeba maiti, na wanastahili. Mimi namsifu zaidi kijana anayethubutu kusema, “Baba, simama hapo, bado hujanawa,” na mzee anayesimama bila kununa. Kwetu, mdogo kumwamrisha mkubwa mbele za watu si jambo dogo. Timu isiyoweza kulibeba hilo ingejizika yenyewe.

Lakini pampu haikuwa ya kwanza kufika. Wa kwanza alikuwa msemaji, naye alikuja na nguo zake za kawaida ili uso wake uonekane. Alitoa pole, akauliza mkubwa wa familia ni nani, sala gani itasomwa, marehemu azikwe na kitu gani chake. Wenzake walivaa suti baadaye, mbele ya macho ya wote, na ndugu aliyetaka kushuhudia aliweza kuvalishwa kama wao. Somo hili la kumtanguliza msemaji lilikuwa na gharama. Watu waliwaona wafanyakazi wa riposte, yaani mapambano dhidi ya Ebola, wakipita na magari yao ya kifahari, wakasikia uvumi kwamba viungo vya maiti vinaibwa, wakakataa. Oktoba 2018 wahudumu wa Msalaba Mwekundu walishambuliwa Butembo wakiwa katika kazi hiyo ya kuzika, wakajeruhiwa. Mwezi wa pili wa 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilivamiwa na kuchomwa moto, na Aprili 19 Dakta Richard Mouzoko, Mkameruni aliyekuja kupambana na Ebola, akapigwa risasi na kuuawa mjini Butembo.

Sikubali hadithi kwamba wananchi walikuwa wajinga. Miaka mingi walikuwa wamezika ndugu waliochinjwa na waasi eneo la Beni bila msafara wowote kuwajia. Sasa ulimwengu mzima umefika kwa ajili ya homa moja. Nani asingeshuku? Msemaji mzuri hakubishana na shuku hiyo. Aliketi, akasikiliza, wakati mwingine hadi jua likazama, na mwenye pampu akamngoja bila kuwasha gari. Kungoja huko nako ni ufundi.

Mlipuko ule uliisha Juni 25, 2020, ukiwa umewapata watu 3,470 na kuua 2,287. Ebola ikarudi Februari 2021, upande wa Biena, ikafika Butembo na Katwa. Safari hii wengi wa walioikabili walikuwa wenyeji waliokwisha kujifunza kazi hii kwa uchungu. Ilitangazwa kuisha Mei 3 mwaka huo huo: wagonjwa 12, waliokufa 6.