Kujitoa au Kutolewa? Maneno ya Ushujaa katika Shairi la Tennyson

Makusudi ya makala haya ni kulichunguza shairi la Tennyson, mshairi wa Malkia Victoria wa Uingereza, juu ya wapanda farasi waliopigana Balaklava, huko Krimea, tarehe 25 Oktoba 1854. Tunauliza ni maneno gani ya Kiswahili yanayofaa kuueleza ushujaa wao na kifo chao.

Kisa chenyewe ni kifupi. Amri ya mkuu wa jeshi ilieleweka visivyo. Wapanda farasi zaidi ya 600 wakaikimbilia mizinga ya Warusi iliyowaelekea mbele na ubavuni, na zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Desemba ya mwaka huo huo shairi likatoka gazetini. Tennyson hafichi kwamba kosa lilitendeka, wala kwamba askari walilijua. Lakini hamtaji aliyekosa. Katika matini yanayosomwa leo hatajwi hata askari mmoja kwa jina. Wote ni hesabu moja. Na mapigo ya shairi yanakwenda mbio kama kwato za farasi, hata msomaji hufika mwisho kabla hajauliza swali.

Mfasiri hana budi kusimama na kuuliza. Kiswahili kina maneno yanayokaribiana: uhodari ni kutenda kwa ustadi na bidii, ujasiri ni kuthubutu, ushupavu ni kutolegea, ushujaa hubeba hayo pamoja na heshima ambayo mtu hupewa na watu wake. Wapanda farasi wale walikuwa majasiri bila shaka. Hata hivyo, jambo linalotukuzwa hasa katika shairi ni utii usiohoji. Mfasiri akiandika 'ushujaa' kila mahali, amekwisha kuikubali hoja ya mshairi kabla ya kuipima.

Linganisha na utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy juu ya vita vya Wadachi katika Mrima, uliotungwa zama hizo hizo za Victoria na kuchapishwa mwaka 1955. Humo wapiganaji wana majina: yumo Abushiri, yumo Bwana Heri. Wahenga nao walisema, 'Kwa shujaa huenda kilio, kwa mwoga huenda kicheko.' Methali hiyo inasikia kilio cha nyumbani. Tennyson anadai heshima kwa waliokufa, lakini nyumba zao hazimo katika shairi lake.

Gumu zaidi ni kueleza kifo chenyewe. Kujitolea kwetu ni kufanya kazi kwa hiari, kama kujenga shule ya kijiji. Dhabihu ni ya madhabahuni; kafara hutolewa kuondoa balaa. Kujitoa mhanga ndiko kunakokaribia, ingawa vyombo vya habari vya siku hizi vimezoea kulitumia neno hilo kwa mtu anayejilipua kwa bomu. Lakini jambo kubwa limo katika sarufi. Kiambishi -ji- kinasema askari alijitoa mwenyewe. Kauli ya kutendwa inasema yuko aliyemtoa. Kwa maoni yetu, wa Balaklava walitii, wakatolewa mhanga. Huenda mtu akasema kwamba mfasiri hana ruhusa ya kuhukumu. Tunajibu kwamba kosa limo katika shairi lenyewe. Kulinyamazia ni kulipunguza shairi.

Wala Krimea si mbali kama inavyodhaniwa. Tunaandika haya Busisi, katika Mkoa wa Mwanza. Mji wa Mwanza ulitekwa na Waingereza mwaka 1916, katika vita vilivyokula wapagazi maelfu kwa maelfu; jina la Kariakoo ni kumbukumbu ya kikosi chao. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, ina maandishi ya Kipling, Kiswahili kikiwemo, yanayowaheshimu askari na wapagazi pamoja. Lakini wapagazi wengi walichukuliwa kwa nguvu. Kuandika kwamba 'walijitoa' ni kuwasingizia marehemu.

Tofauti na hao ni askari wetu wa mwaka 1978 na 1979, walioikomboa Kagera baada ya kuvamiwa na majeshi ya Idi Amin. Baadhi yao wamelala Kaboya, wilayani Muleba, mbele ya njia hii inayovuka Ghuba ya Mwanza hapa Busisi, zamani kwa kivuko na tangu Juni 2025 kwa daraja. Walijua wanailinda nchi gani. Kwao tunasema bila kusita: walijitoa mhanga.

Tunapendekeza, basi, kwamba walimu wanaolisomesha shairi hili, na watumishi wa serikali wanaoandika hotuba za Siku ya Mashujaa kila tarehe 25 Julai, watenganishe kauli tatu: alijitoa mhanga, alitolewa mhanga, na aliuawa vitani. Na kila inapowezekana, watajwe kwa majina.